Mfarishi wa Jedlinka

Siku hiyo Nurjehan alikuwa akiwasha hita ya parafini katika chumba alichopanga ugenini, mtaa wa Rayners Lane, na kijiji cha Jedlinka kikatokea kama kawaida yake. Kijito kilianzia kwenye sinki kikateremka mpaka mlangoni. Mlima wa misonobari ulikuwa chini ya kitanda, na kanisa kando ya kabati. Akifagia, alikizunguka tu.

Kila jioni kijiji kilirudia historia yake. Wafumaji wa kitani walijenga nyumba kijitoni, moto ukaziteketeza, wakajenga tena. Vikaja vile vita vikubwa vya Ulaya. Vilipokwisha, wenyeji waliosema Kijerumani walitolewa wote, wema kwa waovu, kila mtu na furushi lake, wakapangwa foleni ya treni karibu na hita. Nurjehan hakuhitaji kuelezwa. Nyumba yake ya Malindi, Unguja, wanakaa watu wengine, wanalalia vitanda vyake.

Jioni hiyo mwanamke mmoja alitoka kwenye foleni, akasogea kitandani alipolala Zarina, binti mdogo wa Nurjehan, kifua kikimkoroma, amefunikwa lile shuka nene la manyoya lililokuja na chumba.

"Huu mfarishi wangu," alisema, kwa Kiswahili, maana maiti hawasumbuliwi na lugha. "Manyoya ya bata nilichambua mwenyewe. Walininyang'anya mlangoni. Mwanangu akafa kwa baridi njiani."

Nurjehan akashuka kwa mwenye nyumba, Bi Ludmila, aliyekuwa akisikiliza redio na kuililia nchi yake, ambayo vifaru vya wageni vilikuwa vimeiingia tangu Agosti, akamuuliza mfarishi aliupata wapi.

"Ulikuwamo kwenye nyumba tuliyopewa Jedlinka," alisema Bi Ludmila. "Wenyewe waliondoka. Na mimi nilipokimbia, ndio nilioubeba. Kama huutaki, na chumba kiache. Wanaokitaka ni wengi."

Mkuki kwa nguruwe, alijisemea Nurjehan. Lakini maji yalikuwa ya shingo. Mtaa mzima aliubishia hodi, na mlango uliofunguka ulikuwa huu tu. Daktari naye alishasema mtoto asipigwe na baridi.

Akapanda juu. Kwao, ukitumia kitu cha mtu bila ridhaa yake, unamwendea mwenyewe akuhalalishie, ama utaulizwa kesho kwa Mungu.

"Nihalalishie, dada," alisema. "Akipona nitakurudishia."

Wote wawili walijua kwamba huo ni uwongo, na aibu ilimchoma Nurjehan mpaka akashindwa kumtazama mwenzake usoni.

"Sihalalishi," alisema yule mwanamke.

Kisha akaukung'uta mfarishi ili manyoya yateremkie miguuni, akaukunja chini ya nyayo za Zarina, upande huu na upande huu, akaokota furushi lake, akarudi kwenye foleni. Treni ilipoondoka, mtoto alikuwa ameshapata joto, na Nurjehan alikuwa bado ameushikilia mfarishi kwa mikono miwili.