Mahali pa Kulala pa Anatole

Isidore, kapita aliyesimamia wachimbaji, alichuma jani la nyasi ndefu akalichomeka kwenye ufa uliokuwa ukifuata ukingo wa mtaro wa msingi wa dispensari, hapo Baraka. Asubuhi jani lilibanwa. Saa sita liliteleza, likazama lote. Hakuhitaji shahidi mwingine kwamba ufa unapanuka. Zamani, kwenye kazi ya reli kule Albertville, alisaidia kumfukua mwenzake aliyefunikwa na udongo, na tangu siku ile huamini ufa kuliko maneno ya wachimbaji.

"Tokeni nje wote!"

Walitoka wote, isipokuwa Anatole.

Anatole alikuwa mtu wa Fizi, mlimani, ambako udongo mwekundu ukikatwa wima husimama kama ukuta wa nyumba. Hapa Baraka, chini ya ngozi ngumu ya juu kuna mchanga wa ziwa, lakini yeye alikata wima vilevile, na kila adhuhuri alijilaza chini mtaroni kwenye ubaridi. Isitoshe, alikuwa kaka mkubwa wa Adolphine, mke wa Isidore. Kapita au si kapita, mtu hamfokei kaka wa mkewe mbele ya watu. Lakini akimwacha pale, jioni atampelekea Adolphine maiti.

"Kapita anaogopa muchanga!" Anatole alisema kutoka chini, kofia usoni. "Mi nilianza kuchimba, we ukiwa ungali unanyonya."

"Ni kweli, shemeki."

"Basi niache nilale. Ukuta yangu iko sawa kama mustari ya mwalimu."

"Iko muzuri sana, shemeki."

Watu wakacheka. Isidore naye akacheka, kisha akaenda kumnong'oneza Adolphine, aliyekuwa ndiyo kwanza anatua kapu la chakula. Adolphine alitandika mkeka mbali na mtaro, akapanga ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, akarudi akapiga magoti.

"Yaya, kaka yangu, tafazali, mukuje mukule. Ao mutakataa mukono ya dada yenu, bantu bote banaangalia?"

Hilo halikataliki. Anatole alisonya, akapanda ngazi, jembe akaliacha alipokuwa amelala.

Kabla hajamega tonge la pili, Isidore alipaza sauti. "Leteni pipa la maji! Lisukumeni kwa miti mirefu, na kila mutu abaki nyuma!"

Pipa lilibingirika mpaka juu ya ufa. Ukuta ulishuka wote kwa mara moja, pipa likiwa ndani yake. Vumbi lilipotulia, pale alipolala Anatole palikuwa na kichuguu cha mchanga.

Anatole alilitazama tonge mkononi mwake, kisha akalila, maana hakuwa mtu wa kutupa chakula.

"Shemeki," akasema, "umezika jembe yangu. Utalipa kuku."

"Kuku natoa leo leo. Mungekuwa mule ndani, ingekuwa mbuzi ya matanga, na mi sina mbuzi."

Hapo ndipo kicheko kilipolipuka, na cha Anatole kilikuwa kikubwa kuliko vyote.

Alasiri alichukua jembe jingine, akaanza kukata kingo kwa mteremko, polepole, kama mtu aliyebuni jambo hilo mwenyewe.

"Henri, we!" aling'aka. "Ondoa ule udongo pale ukingoni! Unazani hapa ni Fizi?"

Henri, mchimbaji aliyezaliwa Baraka na ambaye Fizi hajafika hata mara moja, alishika koleo lake.

"Hapana, yaya," akajibu, akaanza kuusogeza udongo.