Mstari Kwenye Nyama ya Makhanu

Miaka hiyo ya sabini watu walikuwa wamepanda miwa mpaka kwenye kizingiti cha nyumba, na Makhanu wa Butali aliikata kwa kasi ambayo hakuna aliyeifikia. Sasa alikuwa kwenye benchi nje ya maabara ya hospitali, kidonda cha miaka mitatu kimechanua kwenye muundi kama koliflawa. Daktari alisema ni saratani. Mguu ukatwe Ijumaa, isipokuwa kile kinyama alichokichukua kionyeshe vingine. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Dada Awinja, mguu wangu umefika wapi?" akauliza dirishani.

"Uko hapo chini yako. Kaa."

Awinja, fundi wa maabara, alikuwa amekigandisha kinyama ndani ya nta. Akakifunga kwenye maikrotomu, mashine inayokata vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, akazungusha gurudumu. Vipande vikatoka vimeshikana kama utepe, lakini utepe umepasuka katikati, mstari mmoja mnyoofu. Akajaribu tena. Vilevile.

"Kisu butu hicho," Makhanu akacheka. "Sisi tunanoanga kutwa mara tano. Lete nikunolee."

"Ukigusa hiki na tupa yako, shemeji, huo mguu nitaukata mimi mwenyewe."

Alitania, lakini si utani wote. Kisu kilikuwa hicho kimoja tu. Akakisogeza kando ili sehemu nyingine ya makali ndiyo ikate. Mpasuko ukabaki palepale. Akaachia gurudumu, akafikiri. Kama kisu kingekuwa ndicho kibovu, mpasuko ungehama. Basi kuna kitu kigumu ndani ya nyama.

Akachukua sindano, akachokoa polepole, akatoa kibanzi chembamba kama udevu.

"Makhanu, uliwahi kuchomwa na muwa hapo?"

"Mkata miwa unamuuliza kama amechomwa? Muulize samaki kama amelowa!"

Akakata tena. Utepe ukatoka mzima. Akautandaza kwenye kipande cha kioo, akautia rangi, akainamia hadubini. Saratani hakuiona. Aliona vidude vya mviringo, vya kahawia, vimekaa vikundi vikundi: kuvu, iliyoingia na kile kibanzi.

Akakimbia na kioo mpaka kwa daktari. Daktari akatazama, akatazama tena, akafuta jina la Makhanu kwenye orodha ya upasuaji wa Ijumaa.

"Ni kuvu, si saratani. Mguu haukatwi," Awinja akamwambia Makhanu. "Lakini dawa utameza miezi mingi, na kidonda kitakwanguliwa. Utalia."

Makhanu akaupapasa mguu. "Waliniambia nisile kitu mpaka nikatwe kesho."

"Kula."

"Hata leo?"

"Hata sasa hivi."

Akainuka, akachechemea kuelekea hoteli ya nje ya lango, akiagiza ingokho, kuku wa kwao, kwa sauti kabla hajafika mlangoni.