Mnong'ono Uliosafishwa

Mkwe wangu ni fundi sauti, na ni mtu mwema. Hajawahi kuingia kwangu mikono mitupu. Jumapili ile alikuja na binti yangu, wamebeba spika mbili mpya. Akazipanga kabatini, akanisogezea kiti katikati, akaniwekea na mto mgongoni.

"Mama, leo utaisikia ile opera yako kama imeimbwa jana."

Opera hiyo ilirekodiwa jukwaani, miaka arobaini na minane iliyopita, na santuri yake mkwe aliichukua wiki mbili nyuma akaisafishe. Marehemu mume wangu alikuwa mfanyakazi wa jumba ilimoimbwa. Alikaa kwenye shimo dogo mbele ya jukwaa, kichwa tu kikiwa juu, akiwanong'oneza waimbaji kila mstari kabla hawajauimba, wasije wakasahau. Hakuna aliyempigia makofi. Alifariki binti yetu bado ananyonya. Sauti yake haikubaki popote ila kwenye santuri ile, nyuma ya sauti za wenye majina. Kila nilipoiweka nilimsubiri yule mwanamke anayeimba avute pumzi, maana hapo ndipo mume wangu alipokuwa anasema. Sikuwahi kumwambia mtu. Niliona haya.

Mkwe akabonyeza. Sauti ikajaa chumba, haina mkwaruzo hata mmoja. Pumzi ikaja. Baada yake, kimya.

"Umesikia, Mama?"

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo raha yenyewe! Kulikuwa na jitu linanong'ona mwanzo mpaka mwisho. Siku kumi na moja nimelitoa, neno kwa neno. Limenitesa hilo!"

Binti yangu akacheka. "Hata usingizini alikuwa analitukana."

"Na santuri yangu iko wapi?"

"Ile kuukuu? Kuna mzee mmoja anakusanya santuri, tumebadilishana kwa hizi spika. Tena nimempiga bao."

Nikamgeukia binti yangu. "Jitu hilo ni baba yako."

Kicheko kikamkauka. Mkwe akazima spika.

"Ulichokitoa umekiweka wapi, mwanangu?" nikamuuliza mkwe.

"Nimekifuta, Mama. Na nakala ya kwanza nimeifuta pia. Sikujua."

Kesho yake mkwe alikwenda kwa yule mzee kumwangukia airudishe. Mzee akakataa katakata. Alisema santuri zenye mnong'ono ule zimebaki chache, na mnong'ono ndio alioutaka. Ila mimi niende kusikiliza kwake, mara moja kwa mwezi. Zaidi ya hapo sindano itaila santuri.

Basi naenda. Mzee hunifungulia mlango mwenyewe, hunipangusia kiti, hunishika mkono nisijikwae kwenye zulia. Santuri huipuliza vumbi kama anayempuliza mtoto jichoni.

Mara ya kwanza, mwanamke alipovuta pumzi, mzee akasema, "Sikiliza hapo, dada! Mnong'onezi huyo alikuwa bingwa."

"Naomba unyamaze kidogo, kaka."

"Samahani sana."

Akanyamaza. Pumzi ya pili ilipokuja, midomo yake ikaanza kucheza. Maneno yote ameyahifadhi. Akafumba macho, akanong'ona pamoja na mume wangu, mstari kwa mstari, sauti yake juu ya ile nyingine. Niko nyumbani kwake. Ningemwambia nini tena?

Nikainama mpaka sikio langu likakaribia kugusa spika. Akaniona. Akasogeza kiti chake karibu yangu, akaninong'oneza kwa nguvu zaidi, ili nisikie vizuri.