Kiti cha Shahidi

Wivu hauna dawa ya dukani, jamani. Mimi Kuramochi, mwandishi wa hati hapa mjini Matsue, Japani, mgane mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, ulinikaba koo kwa ajili ya kiti.

Kwanza kazi yangu, maana mtaa mzima unaikosea. "Wakili Kuramochi!" wananiita. Wakili gani? Wakili unamlipa akupiganie mahakamani. Mimi nakuandikia hati na kukusajilia nyumba, basi. Notari ni mwingine kabisa. Huyo hampiganii mtu. Ni mtu wa sheria aliyepewa muhuri na serikali: unamwambia unachotaka, anahakikisha akili yako ni timamu na hakuna anayekulazimisha, anaandika, kisha anawasomea wote kwa sauti, mashahidi wawili wakisikia. Akishapiga muhuri, mbishi atabishana na ukuta. Notari wetu ni Bwana Asakura, aliyekuwa jaji. Namheshimu. Simpendi.

Sasa Bi Sumie. Ni mjane, ana duka la vitamutamu vya chai karibu na mfereji. Kila jioni nilikuwa naingia kwa mlango wa nyuma, kwa ufunguo alionipa mwenyewe. Ananimiminia chai, mimi nasugua kalibu za mbao alizoachiwa na mama yake, zile za kufinyangia maua na samaki. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuzigusa. Nilibakiza kumwambia tu: tuishi pamoja. Nikawa naahirisha, leo kesho, leo kesho.

Ndipo Hamasaki, fundi saa, mwenye nywele zake zote kichwani, akaingia ofisini kwangu akivuta tai yake.

"Kaka, kwa notari mtu anavaa nini?"

"Una nini kwa notari wewe?"

"Bi Sumie anaandika wasia kesho. Kaniomba niwe shahidi, mimi na mke wa muuza samaki. Kwani hakukwambia?"

Lo! Hilo "kwani hakukwambia" lilinichoma kuliko pasi. Wasia! Kazi niliyoifanya maisha yangu yote, na mwanamke anampa kiti mtu wa kutia saa mafuta!

Sikufunga hata ofisi. Nilimkuta Bi Sumie akipanga vitamutamu kwenye sinia.

"Kwa nini Hamasaki?" nikamuuliza. Hata salamu sikutoa.

"Karibu, Bwana Kuramochi. Mvua imekunyeshea."

"Nimeuliza, kwa nini yeye?"

Akashusha macho, masikio yakamwiva. "Kwa sababu wewe siwezi kukuita."

"Huwezi! Mimi sina macho? Sina masikio? Au tai yangu haipendezi?"

"Bwana Kuramochi, wewe ndiye mwenye kazi hiyo. Fikiri kidogo tu."

Nifikiri! Mwenye wivu ana nafasi ya kufikiri? Nikatoa ufunguo mfukoni, nikautupa katikati ya sinia, juu ya vitamutamu vya waridi. "Mpe shahidi wako." Nikatoka. Hakuniita.

Kesho yake nilijiapia sitakwenda. Nikaenda. Nikakaa kwenye benchi la nje ya chumba cha Bwana Asakura, nikamsikia Hamasaki akicheka ndani. Uzalendo ukanishinda. Nikafungua mlango.

Kiti kile kilikuwa kando ya Bi Sumie, na Hamasaki amekikalia kama bwana harusi.

"Bwana Kuramochi, toka nje tafadhali," Bwana Asakura akasema.

"Nitoke mimi, abaki huyu?"

"Huyu ni shahidi."

"Mimi nimekosa nini nisiwe shahidi?"

Bwana Asakura akavua miwani, akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyevaa viatu vya watoto wake. "Mtu aliyeandikiwa kitu kwenye wasia hawi shahidi wa wasia huo. Wala mke wake, wala mtoto wake. Hayo nikufundishe mimi, wewe mwandishi wa hati?"

Hamasaki akapiga goti lake kwa kicheko. "Mimi nimeitwa kwa sababu sipati hata makombo, bwana we!"

Mke wa muuza samaki akaziba mdomo kwa leso. Sheria hiyo nimewaeleza wateja mpaka sauti ikanikauka. Nilirudi kwenye benchi.

Wakasoma, wakamaliza. Hamasaki akapita akinipigapiga bega. Bi Sumie akatoka wa mwisho, akasimama mbele yangu.

"Bwana Asakura aliniuliza kama jina lako nilifute," akasema. "Nimekataa. Kalibu za mama ni zako, hakuna anayezijua kama wewe."

"Bi Sumie, nisamehe. Wivu tu ule. Nilitaka... nilikuwa nataka kukwambia..."

"Najua ulichotaka kuniambia. Nimekingojea kwa muda mrefu."

Nikanyoosha kiganja, mpumbavu mimi, nikidhani atanirudishia ufunguo.

"Ufunguo hapana," akasema taratibu. "Kalibu utazipata nikishakufa. Ufunguo ulikuwa wa nikiwa hai."

Siku hizi napita mlango wa mbele, kama wateja wengine. Jana nilipanga foleni nyuma ya Hamasaki.