Chai Aliyoiacha Jepkosgei

Jepkosgei hakugusa chai.

Amekuwa akija kwetu Kapseret tangu tulipopanda mahindi, akijaza chupa zake maji ya kisima chetu. Anasomea udaktari wa mazingira chuo kikuu, na maji hayo huenda kuyapima. Mama mkwe wangu humtania, "Daktari gani huyu? Hata ng'ombe hawezi kudunga sindano!" Naye hucheka na kumaliza vikombe viwili.

Leo alikitazama kikombe tu.

"Imekosa sukari?" Mama akauliza.

"Hapana, Mama. Niko sawa."

Mimi niliacha shule darasa la sita, na mbele ya wasomi mimi husikiliza tu. Lakini nami nilikitazama kikombe kile. Chai ile ni maji ya kisima. Uji wa Muigai wangu, mtoto wa miezi sita, ni maji hayo hayo.

Alipotoka kwenda kisimani nikamfuata.

"Dada, hiyo maji iko na nini?"

Akainama. "Wanja, niko na walimu wawili wananisimamia chuoni. Yule wa maji amesema nisiseme chenye tumepata mpaka apime tena. Yule wa kusoma tabia za watu anasema nikiwaambia, mtabadilisha vile mnatumia maji na utafiti uharibike. Nikiwakosea, masomo yangu imeisha."

"Lakini tunachemsha."

Akaendelea kufunga vifuniko vya chupa zake.

Kutoka jikoni tukamsikia Mama akimwimbia Muigai, kijiko kikigonga kikombe. Jepkosgei akaangusha chupa zake, akakimbia. Nilipofika mlangoni alikuwa ameushika mkono wa Mama, na uji umemwagika kwenye leso.

"Umeshikwa na nini, wewe msichana?" Mama akafoka.

"Usimpe, Mama! Mbolea ya mashamba imeingia kisimani. Kuchemsha haitoi. Damu ya mtoto mdogo inakosa hewa, anageuka rangi mdomoni."

Nilimnyakua Muigai, nikampeleka penye mwanga. Midomo yake ilikuwa na rangi ya kijivu, au ni baridi ya asubuhi, au ni macho yangu. Sikujua. Nilimtazama tena na bado sikujua.

Jepkosgei alikuwa tayari anaita bodaboda. Simu yake ikalia mkononi. Akasoma jina la mwalimu, akaizima.

"Twende hospitali," akasema. "Mimi ndiye nitawaeleza."

Mama alileta shuka. Nilimfunga Muigai kifuani badala ya mgongoni, ili njia nzima niione midomo yake.