Flashi za Mdogo Wangu

Kazi ya maktaba hapa chuoni, mdogo wangu aliombewa nafasi yake na nani? Ni mimi niliyemwombea. Hata kushika kipanya nilimfundisha mimi. Na malipo yangu ndiyo haya.

Chumba changu cha kompyuta kinatazamana na maktaba yake. Zamani wanafunzi walipanga foleni mlangoni kwangu, kompyuta zao zimejaa virusi kwa sababu ya programu za wizi, na kila mmoja akiniita Daktari. Nililalamika kwamba hawaniachi nipumue. Uongo mtupu. Jina lile nililipenda kufa.

Akaja yeye na flashi zake. Kila mwanafunzi mpya anapewa flashi yenye mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, bure na kwa halali, na ruhusa ya kumnakilia mwenzake. Virusi vikapungua. Foleni ikahamia ng'ambo kwake, Anti hivi, Anti vile, na vicheko juu. Mimi nikabaki kupangusa vumbi kwenye kibodi.

Hilo lingevumilika. Lakini mfumo ule, unapouweka, unakuuliza kompyuta yako iitweje, na jina hilo hutokea kwenye skrini ya mtandao kila kompyuta hiyo inapoingia. Kazi yangu ni kuangalia skrini hiyo. Basi kila asubuhi nasomeshwa: anti-wetu, anti-asante, mtoto-wa-anti. Wivu ulinikaba roho. Sitafuti neno la adabu zaidi, ulikuwa wivu.

Nikajiambia lazima mfumo huo una kasoro. Nikachukua flashi moja iliyosahauliwa mezani, nikafunga mlango, nikauweka kwenye kompyuta yangu kuukuu. Uliponiuliza jina, nikaandika kwa hasira: daktari. Kisha nikautafutia ila kama mama mkwe anayekagua masufuria. Sikuona hata moja. Nikaiunganisha kompyuta na mtandao ili niuchunguze zaidi, na mimi, mlinzi wa mtandao mzima, nikasahau kwamba skrini kama yangu iko pia mezani kwa mdogo wangu.

Hakukawia kuvuka. Alisimama mlangoni anatabasamu, wanafunzi wako nyuma yake.

"Dada, nimeona kompyuta mpya mtandaoni."

Nikamwambia nilikuwa najaribu tu.

"Si vibaya. Hawa wameniuliza daktari ni nani. Nimewaambia ndiye aliyenifundisha mimi, na wakikwama waje kwako."

Wakaingia, wakavuta viti, wakaniita Daktari. Nilichokililia muda wote ule kilikuwa kimekaa mbele yangu, kinauliza maswali. Nikawajibu, nikacheka nao, lakini jicho langu halikubanduka pale mlangoni aliposimama yeye. Maana hata hicho nimegawiwa na yeye, bure, kama anavyowagawia wote.