Ushuhuda wa Chepkosgei

Benard alipofika kwenye swali la magonjwa katika fomu ya bima, aliweka kikombe cha chai mezani akashusha sauti, ilhali sebuleni hamkuwa na mtu wa tatu.

“Mama Fancy, hapa tutaandika hapana.”

Chepkosgei alimkodolea macho. Huyu ndiye Benard, mzee wa kanisa lao hapa Mogogosiek, aliyepiga ngoma mpaka kijiti kikavunjika siku ile Chepkosgei aliposimama kushuhudia kwamba saratani ya titi imemtoka. Kanisa zima lilijua kwa nini blauzi zake zililegea upande wa kushoto. Leo Benard yuyo huyo, wakala wa bima siku za kazi, alimtaka aseme hajawahi kuugua!

“Kwani sikuugua?”

“Uliugua, ukaponywa. Aliyeponywa na Bwana ana ugonjwa gani tena? Kusema hapana ni imani, mama.”

Maneno matamu hayo, na Chepkosgei alitamani yawe kweli. Baba Fancy alikwisha kuzikwa. Shemeji zake walikuwa wameanza kulitazama shamba lake la chai kwa jicho la urithi, na Fancy ndiyo kwanza ameingia kidato cha pili. Bima ya maisha ndiyo ingemsomesha binti huyo kama mama angeondoka. Akafungua kinywa aseme hapana, likatoka swali.

“Nikifa, hawatauliza niliwahi kuugua nini?”

“Ee, lazima wachunguze kidogo.”

“Wakienda hospitali wakute nilikatwa titi, Fancy atapewa nini?”

Benard alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

“Nakuuliza, Mzee.”

“Wanaweza kukataa kulipa.”

“Na kamisheni yako?”

“Hiyo… hiyo nitakuwa nimeshapata.”

Lo! Mtu akupake mafuta kwa mgongo wa chupa, kisha aiite chupa imani! Chepkosgei alikumbuka dawa zilizomtapisha, nywele zilizobaki juu ya mto, na asubuhi alizorudi kuchuma majani kidonda hakijafunga vizuri. Yote hayo ni hapana? Siku zote alikuwa amemwomba Mungu amfutie ugonjwa ule hata kwenye kumbukumbu. Sasa aliona ni wake, ameugharimia, na hakuna wa kumpokonya.

“Andika ndiyo. Na uikoleze.”

Benard akaandika. Jibu la kampuni lilikuja kabla ya mvua kubwa kuanza: ombi limekataliwa kwa sababu ya historia ya afya ya mwombaji. Daktari aliyemthibitishia kwamba amepona hakuulizwa hata neno moja.

Jumapili iliyofuata, Benard ndiye aliyeongoza ibada.

“Nani ana ushuhuda?”

Chepkosgei alisimama. Fancy akamvuta sketi kwa aibu, lakini mama hakuketi.

“Bwana asifiwe.”

“Amina!”

“Nilikuwa na saratani. Daktari alisema nimepona, nikashukuru. Ninyi mkasema nimepona, mkanipigia ngoma. Mzee Benard hapo mbele akaniambia niseme sikuugua kabisa, nikakataa. Sasa kampuni yake imeninyima bima, kana kwamba nimeshakufa. Mimi msiniombee tena. Iombeeni kampuni, maana ndiyo haijaamini.”

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akajizuia. Benard alikuwa ameinamia Biblia yake, akifunua kurasa bila kusoma.

Fancy aliiachilia sketi ya mama yake, akasimama kando yake.

“Amina,” akasema, peke yake.